Dohani kwenye Semi: Pima Tela na Maji Kabla ya Kupima Urembo

Gari linalolala Chukwani linavuta chumvi usiku kucha. Bahari iko karibu, na upepo unaovuka mkondo kati ya Unguja na Bara huleta unyevu wa chumvi mpaka ndani ya ua. Chuma kilicho wazi huanza kuliwa na kutu kwenye kiungo kilichochomelewa, kisha kwenye tundu la bolti, kisha popote maji yanaposimama. Naanza na hili kwa sababu wenye semi wanaotaka kusimamisha ekzosi ya dohani nyuma ya kabini huanza na mambo mengine: bomba ling'ae kiasi gani, yawe mawili au moja, mlio uweje. Hayo yana nafasi yake. Lakini hapa Unguja dohani haimalizwi na moto wa injini. Inamalizwa na maji na chumvi, na ikifungwa ovyo inaweza kuondoka na turbo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fedha yako iende kwanza kwenye kona ya chini, kwenye nguzo ya kushikia na kwenye kifuniko cha juu, na sailensa ibaki.

Jiulize kwanza gari lako ni la aina gani. Malori ya Kimarekani kama Freightliner, ambayo barabara za Bara zinayajua vizuri, mengi yalitoka kiwandani na dohani yake. Yale yenye boneti yana injini mbele ya kabini, na bomba linapita chini na kupanda nyuma ya mlango. Scania, DAF na Howo ya Kichina zina kabini iliyokaa juu ya injini, na mara nyingi kiwanda kimelielekeza bomba chini, ubavuni. Mwenye Freightliner anabadilisha bomba tu. Mwenye Scania au Howo anabadilisha njia nzima ya moshi, na kazi hizo mbili hazilingani kwa bei wala kwa hatari.

Sababu nzuri za kuitaka dohani zipo. Bomba la chini hutimua vumbi kwenye njia za kifusi, na humwaga moshi kwenye usawa wa uso wa mtoto anayesubiri daladala na wa kijana wa bodaboda aliyesimama pembeni. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuwasababishia binadamu saratani. Kuuinua moshi mita tatu juu ya barabara hakuusafishi, ila kunampunguzia aliye karibu ule moshi wa moja kwa moja. Anayetoa makontena Bandari ya Malindi kuyapeleka Fumba anapita katikati ya watu, kuanzia ukingoni mwa Mji Mkongwe hadi Kiembe Samaki na Uwanja wa Ndege, kwa hiyo faida hiyo ni ya kweli.

Magari mawili nayatoa kabisa kwenye shauri hili. La kwanza ni linalovuta tela la mafuta. Hapo bomba la moto halina haki ya kusimama kati ya kabini na tangi. La pili ni gari jipya lenye tangi dogo la maji ya urea, au lenye chujio la masizi, kama malori ya Euro 6 yanayouzwa Ulaya tangu 2014. Lile boksi kubwa unaloliona chini yake siyo sailensa peke yake. Ndani kuna vichocheo vya kusafisha moshi na sensa zinazoongea na kompyuta ya injini. Ukilikata, taa zitawaka kwenye dashibodi, na mara nyingi kompyuta itaipunguzia injini nguvu mpaka gari lishindwe kuvuta kontena. Mwenye gari la namna hiyo aliache boksi lilivyo na azungumzie mkia wa mwisho tu, tena kwa kipande kilichotengenezwa na kiwanda.

Waliobaki, twende nyuma ya kabini tukapime. Watu wengi hupima gari likiwa limenyooka, wakaona nafasi inatosha, wakachomelea. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kontena lina upana wa mita 2.44, yaani mita 1.22 kila upande wa katikati. Chukua tela ambalo uso wa kontena uko sentimita 90 mbele ya pini ya kuunganishia. Gari likinyooka, hakuna kinachouzidi mstari huo wa sentimita 90. Lakini pembe ya kontena, ukiipima kutoka kwenye pini ileile, iko umbali wa mita 1.5. Gari likikunja, pembe inazunguka na inaweza kufika mbele kwa sentimita 60 zaidi ya ulivyoona mwanzo. Dereva akirudi rivasi kwa kukunja sana kwenye uchochoro wa kuingilia ua, pembe hiyo itaikuta dohani, na dohani haitashinda.

Tafuta uwanja mpana. Kunja kushoto hadi mwisho, shuka, pima. Kunja kulia hadi mwisho, shuka, pima. Kisha panda tuta kwa tairi za upande mmoja wa tela, kwa sababu tela likilala ubavu pembe ya juu husogea zaidi ya ya chini. Kama una matela mawili, pima yote mawili, maana pini hazikai sawa. Mimi sikubali nafasi iliyo chini ya sentimita 15 katika hali mbaya kuliko zote. Kama haipatikani, dohani isogezwe pembeni kabisa ya kabini, na kama huko nako hapatoshi, gari hilo halifai kuwekewa dohani. Ni afadhali kulisikia neno hili leo ukiwa na futi kamba mkononi.

Kipimo cha pili ni kabini yenyewe. Kabini ya Scania au Howo huinamishwa mbele ili kuifikia injini, na barabarani inacheza juu ya springi zake wakati chesisi inacheza kivyake. Dohani isishikwe na kabini hata kwa braketi moja ndogo. Ikishikwa pande zote mbili, kitu fulani kitapasuka, na kwa kawaida kinachopasuka ni bati la kabini. Ukishaiweka kwa muda, inamisha kabini hadi mwisho na uirudishe kabla hujaruhusu moto wa kuchomelea.

Cha tatu watu hukisahau mpaka gari linapoanza kukosa nguvu. Malori yenye kabini juu ya injini huvuta hewa kupitia bomba refu linalopanda nyuma ya kabini. Dohani ikisimamishwa upande uleule na mdomo wake ukiwa karibu, injini inavuta moshi wake yenyewe: hewa ya moto, yenye masizi, na hea klina inaziba kabla ya wakati. Weka dohani upande wa pili. Angalia pia pale kabini inapovuta hewa ya feni na lile dirisha la nyuma la kitanda. Utingo hulala humo wakati foleni ya bandari imesimama na injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Kuhusu urefu, tamaa huwa kubwa. Mdomo wa dohani usipite juu ya mzigo wako mrefu kuliko yote. Nyaya za umeme zinazovuka njia za ndani, matawi ya miembe na milango ya maghala havikuwekwa kwa kufikiria bomba lako. Anayevusha gari kwa meli ya kubeba magari aulize mapema kimo cha sitaha. Na kuna jambo la kwetu hasa: mapaa ya makuti. Semi zinazopeleka vifaa kwenye mahoteli ya pwani huegeshwa karibu na mabanda ya makuti, na dizeli hutupa vipande vya masizi ambavyo, injini ikikanyagwa, hutoka vikiwa na moto. Bomba la chini lilikuwa likivitupa mchangani. La juu linavitupa kwenye kimo cha paa. Dereva wako aambiwe wazi asikanyage mafuta akiwa karibu na makuti, na asiegeshe mdomo wa dohani chini ya upenu.

Sasa bomba lenyewe. Injini za semi za lita 10 hadi 13 mara nyingi zina njia ya moshi ya inchi 4 au 5. Fuata kipimo ulichokikuta baada ya turbo, au panda hatua moja, usishuke kamwe. Kutoka inchi 4 kwenda 5 eneo la ndani huongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inatosha. Mabomba ya inchi 7 na 8 unayoyaona kwenye picha za Marekani ni urembo uliovishwa juu ya njia ya kawaida. Kinachoibana injini zaidi ni kona. Kona moja kali ya nyuzi 90 inaweza kuzuia moshi zaidi kuliko mita kadhaa za bomba lililonyooka, na kona iliyounganishwa kwa vipande viwili vilivyokatwa mshazari ni mbaya kuliko zote. Injini nyingi za malori ya zamani zinataka mgandamizo wa nyuma usizidi kilopaskali 10 hivi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Mwambie fundi apime kwa geji kabla na baada. Fundi asiyejua kwa nini unamwomba kipimo hicho, mwombe akuelekeze kwa mwenzake.

Mafundi wetu wengi hukunja bomba kwa kulijaza mchanga na kulipasha moto, ili lisibonyee. Ni njia ya zamani na nzuri, kwa sharti mchanga uwe mkavu kabisa. Mchanga mbichi uliozibwa ndani ya bomba la moto hutengeneza mvuke, na mvuke huo hurusha kizibo kama risasi. Ukaushe kwenye karai juu ya moto kwanza. Bomba likishakunjwa, ligongwe na lipulizwe mpaka libaki safi.

Chuma gani? Utashawishiwa kutumia bomba la maji lililopakwa zinki, kwa sababu lipo kila duka la vifaa vya ujenzi na linang'aa. Kataa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea huigeuza moshi mweupe. Fundi anayeuvuta anarudi nyumbani mzima, usiku akapata homa, baridi na maumivu ya kifua. Kumnywesha maziwa, kama wengi wanavyoamini, hakumzuii asiumwe. Bomba lenyewe nalo, ngozi yake ikishaungua kwenye kiungo, huoza palepale.

Stenlesi ni nzuri, lakini zipo aina nyingi. Ile ya 304, inayotumika kwenye reli za ngazi na meza za jikoni za mahoteli, karibu na bahari hupata madoa ya rangi ya chai na inataka kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ya 316 imeongezwa molibdeni na inaivumilia chumvi zaidi, kwa bei yake. Kwa gari linalofanya kazi, ningechukua chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 2 au zaidi kwa sehemu ya chini iliyofichika, nikipake rangi ya kustahimili joto, nikijua nitakibadilisha siku moja. Na stenlesi kwa sehemu ya juu inayoonekana. Viungo viwe vya kuchomekana na kubanwa kwa klampu, ili kipande kimoja kikioza usikate vyote. Panapolazimu kuchomelea stenlesi na chuma cha kawaida, fundi atumie waya wa aina ya 309, na upande wa chuma cha kawaida ndio utakaoukagua kila mara, kwa kuwa hapo kutu huanza. Kromu sikushauri. Inageuka buluu kwa joto, na ikishapasuka kidogo chumvi hupita chini yake na kuibandua.

Bomba la inchi 5 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 6 hivi kwa mita. Dohani ya mita mbili na nusu ni kilo 15 kabla hujaweka ngao na sailensa, na vyote hivyo vinatikiswa kwenye kila shimo la barabara. Kwa hiyo jenga nguzo. Iwe ya chuma cha mraba, isimame juu ya boriti inayovuka chesisi, na dohani ifungwe kwenye nguzo hiyo kwa sehemu mbili, chini na juu. Hapa kuna kanuni mbili ambazo viwanda vya malori huzisisitiza: usichomelee kitu chochote kwenye mihimili mirefu ya chesisi, maana chuma chake mara nyingi kimeimarishwa kwa joto na moto wa kuchomelea unakilegeza; na usitoboe kingo za juu na za chini za mhimili. Tumia matundu yaliyokwishatobolewa na kiwanda, au toboa kwenye uso wa ubavuni tu.

Kisha kumbuka kwamba chuma hurefuka. Bomba la chuma cha kawaida la mita mbili, likipanda joto kwa nyuzi 350, linaongezeka milimita 8. La stenlesi linaongezeka kama milimita 12. Ukilibana chini na juu kwa nguvu ileile, litapinda au litang'oa kiungo. Klampu ya chini ishike, ya juu iruhusu bomba kuteleza. Na kati ya injini na dohani pawe na kipande cha bomba linalonyumbuka, kile ambacho mafundi hukiita fleksibo, kwa sababu injini inacheza kwenye raba zake na dohani imesimama kwenye chesisi. Fleksibo likisahauliwa, uzito wote na mtikisiko wote unaishia kwenye shingo ya turbo.

Maji nayapa nafasi kubwa kuliko yote. Mdomo wazi wa inchi 5 unapokea lita moja na robo hivi za maji kwa kila milimita 100 za mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ya namna hiyo kwa usiku mmoja siyo ajabu, na gari likikaa siku tatu bila kuwashwa, hesabu mwenyewe. Maji hayo hushuka na masizi ya dizeli, yakachukua salfa na kuwa tindikali inayokula chuma. Yakikuta bomba linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye turbo, yanasimama pale. Yakipita na kukuta vali ya moshi iko wazi, yanaingia kwenye silinda. Maji hayabanwi. Asubuhi dereva akipiga stata, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Kinga ziko tatu na zote ziwepo. Ya kwanza ni mdomo wa juu kupindwa uelekee nyuma na nje kidogo, mbali na mzigo na turubai. Ya pili ni kifuniko cha bawaba kinachoinuliwa na moshi na kujifunga injini ikizimwa. Kipakwe grisi ya kustahimili joto kwenye bawaba, la sivyo chumvi itakigandisha kikiwa wazi au, vibaya zaidi, kikiwa kimefunga. Ya tatu, na hii ndiyo muhimu kuliko zote, ni kuipa njia ya moshi sehemu ya chini kabisa iliyo chini ya usawa wa turbo, na hapo kwenye tumbo la kona kutoboa tundu dogo la milimita 5 au 6. Maji yatoke hapo. Moshi kidogo utatoka nayo, kwa hiyo tundu litazame chini na lisielekee waya, tairi wala tangi. Msimu wa vuli na wa masika, mtu apitishe msumari kwenye tundu hilo kila wiki kuondoa masizi. Wapo wanaofunika dohani kwa kopo usiku. Kopo halina ubaya, ila funguo za gari zitundikwe pamoja na kamba ya kopo, asije dereva mwingine akawasha.

Joto nalo lina mambo yake nyuma ya kabini, maana hapo ndipo zinapopita zile paipu za upepo zinazojikunja kwenda kwenye tela, pamoja na waya wa taa. Moshi ukitoka kwenye turbo, gari likiwa limebeba, unaweza kuwa na nyuzi 300 hadi 500. Dizeli inayovuja hushika moto yenyewe, bila cheche, kati ya nyuzi 210 na 260 hivi. Paipu ya upepo ya plastiki haifiki huko: inalainika mapema, upepo unavuja, na breki za tela zinajifunga katikati ya barabara. Peleka paipu na waya upande wa pili wa gari, na uzifunge kwenye mkono wa kuzishikia zisiweze kulegea zikaigusa dohani. Kuizunguka dohani weka ngao ya bati lenye matundu, iache nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye bomba, ipande hadi juu ya kimo anachofika mtu aliyesimama kwenye sahani ya kuunganishia tela. Utingo anapopanda kuunganisha paipu hushika chochote kilicho karibu.

Kabla ya kukata bomba la zamani, tafuta ilipo breki ya ekzosi. Malori mengi yana kilango kidogo kwenye njia ya moshi baada ya turbo, kinachofungwa dereva anapoachia mafuta ili injini isaidie kulizuia gari. Unguja ni tambarare na mtu anaweza kuona kilango hicho hakina kazi. Gari hilohilo likivushwa Bara likateremka Kitonga na kontena mgongoni, kazi yake itaonekana. Kibaki mahali pake, na mkono wake uchezeke.

Siku ya kuchomelea, betri zifunguliwe na soketi za kompyuta ya injini zichomolewe. Waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi wala kwenye waya za gari. Vizuri zaidi, vipande vishikizwe kidogo tu kwenye gari, kisha vishushwe vikachomelewe chini.

Nimesema sailensa ibaki, na sasa niseme kwa nini nasimama hapo bila kuyumba. Kuna imani kwamba bomba tupu linaongeza nguvu. Kwenye injini ya turbo ya semi, sailensa nzima ya kipimo sahihi inabana kidogo sana. Iliyoziba kwa masizi ndiyo inayobana, na dawa yake ni kuibadilisha. Unachokipata ukiitoa ni kelele, na kelele hiyo haimfikii mwenye gari tu. Chukwani ina Baraza la Wawakilishi, ina chuo kikuu, ina nyumba za watu wenye watoto wachanga, ina misikiti ambamo swala ya alfajiri huanza saa ileile malori yanapowashwa. Malindi nako barabara ya bandari inapakana na Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ambako ukuta unatazamana na ukuta na mlio hauna pa kwenda. Jirani hakununua gari lako. Ana haki ya kulala.

Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, inashughulikia malalamiko ya kelele. Askari wa usalama barabarani naye ana macho na masikio. Kabla hujatoa hata bolti moja, nenda kwa wakaguzi wa magari na mchoro wa unachotaka kufanya, uulize kama kinakubalika, na upate jibu la maandishi. Mjulishe pia wakala wako wa bima. Gari likiungua na ikaonekana njia ya moshi ilibadilishwa bila kutajwa, mazungumzo ya fidia yatakuwa magumu.

Mawili au moja? Moja. Dohani mbili ni nguzo mbili, kona za ziada, mianya miwili ya mvua na pembe mbili za kontena za kuogopa. Anayetaka gari lake lipendeze, dohani moja iliyonyooka wima, yenye ngao safi na viungo visivyovuja, inapendeza vya kutosha.

Kazi ikimalizika, washa injini mpaka ipate moto, kisha upitishe macho kwenye kila kiungo: panapovuja patajionyesha kwa alama nyeusi ya masizi. Zima, acha ipoe, kaza klampu zote upya, kwa sababu chuma kikishapata joto la kwanza hulegea. Peleka gari safari moja ya kweli ukiwa na kontena, Malindi hadi Fumba na kurudi. Ukirudi mimina maji safi ya kikombe kimoja kwenye mdomo wa dohani, injini ikiwa imepoa, uone kama yanatoka yote kwenye tundu la chini. Yakitoka, mlipe fundi salio lake. Yasipotoka, mrudishie gari.